Kikopo cha Makohozi

Kila asubuhi Ketsia aliteka maji, akawasha moto mlangoni pa hema, kisha akamsaidia baba yake kuketi. Walikuwa wamekimbia vita huko Djugu, na sasa waliishi katika kambi ya Bunia. Mama alishinda akilima mashamba ya watu. Baba, Alphonse, ambaye Ketsia alimwita Papa, alichimba dhahabu Mongbwalu miaka mingi, na vumbi la mawe lilimharibia mapafu. Hata kwenda msalani alihema kama mtu aliyepanda mlima.

Kwenye kituo cha afya walimpima tena na tena. "Si kifua kikuu," walisema, wakamrudisha. Wenye kifua kikuu walipewa dawa na unga wa uji. Wenye ugonjwa kama wake hawakuwa na fungu.

Walipompa tena kikopo cha kutemea makohozi ya kupimwa, Ketsia alikuwa amechoka. Alikipeleka kwa jirani yao, Mzee Evariste, aliyekuwa ameanza dawa za kifua kikuu.

"Mzee, tema humu. Papa anakufa."

Evariste alimtazama kwa huruma, akatema. Ketsia akakipeleka kikopo kituoni kana kwamba ni cha baba yake.

Siku chache baadaye Honorine, muuguzi wa kituo, alileta vidonge vya kifua kikuu. Baba akatabasamu. "Kumbe dawa yangu iko!" Akavipokea. Ketsia akashindwa kuvumilia.

"Papa, usimeze! Makohozi hayakuwa yako."

Baba alirudisha vidonge. Honorine akaketi chini kwa uchovu.

"Dawa hizi ni kali, Ketsia. Zingemuumiza bure. Mbona ulifanya hivi?"

"Mnasema tu si kifua kikuu. Lakini Papa hawezi kupumua!"

Honorine akamgeukia baba. "Papa Alphonse, kitu gani kinakusumbua zaidi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Moshi," alijibu polepole. "Tena watu wanaogopa kukaa na mimi."

Honorine aliwaita majirani, akawaeleza kwamba ugonjwa ule hauambukizi. Wakahamisha meko mbali na hema. Akamfundisha Baba kutoa pumzi taratibu, midomo ikiwa kama ya mtu anayepoza chai. Hakupona, lakini jioni ile alikuwa na watu wa kuzungumza nao.

Kabla ya kuondoka, Honorine alimshika Ketsia bega.

"Uongo ungempa baba yako dawa isiyo yake. Ukweli umetuonyesha anachohitaji. Siku nyingine usitudanganye, mwanangu. Tusumbue mpaka tusikie."