Mashine Iliyozimwa kwa Ajili ya Nyangumi

Nyangumi walipoibuka mbele ya boti, mtafiti akatamka neno lililowaponza wote: "Zima mashine!"

Ndiyo kanuni ya kazi. Nyangumi wauaji, wale weusi wenye mabaka meupe, huwinda kwa masikio. Ukiwangurumia mashine, umewanyima chakula. Na wa ghuba ile walikuwa ukoo mmoja usiochangamana na wengine. Ukiwahesabu kwa vidole, vidole vinabaki.

Nahodha akajikuna kisogo. Mama Sufuria, mpishi wa boti, akaona. Nahodha alikuwa mdogo wa mumewe, na mkuno ule aliujua tangu arusini.

"Shemeji, ikizimwa itawaka?"

"Wewe menya vitunguu."

Akaizima. Nyangumi wakapita kwa mpumuo mzito, na katikati yao kitoto, mabaka yake bado rangi ya chungwa. Mtafiti akalia kama aliyemzaa yeye. "Mama, miaka yote watoto wao wanakufa. Huyu naye akipotea, ukoo umekwisha!"

Nahodha akavuta kamba ya mashine. Ikakohoa kama babu aliyeamshwa, ikalala tena. Akavuta hadi kiganja kikachanika.

"Huwa siizimi," akakiri, "mpaka nifike gatini kwa fundi."

"Hata ukilala?" Mama Sufuria akauliza.

"Hulala inanguruma. Hunibembeleza."

Redio nayo ilitegemea umeme wa mashine hiyohiyo. Upepo ukawachukua, mawimbi yakawarusha kama maharage kwenye ungo. Mama Sufuria akamfunga shemeji kiganja kwa kipande cha aproni.

"Nchi kavu iko wapi?" mtafiti akauliza.

"Iliyo karibu? Chini," nahodha akajibu.

Maji ya kunywa yakaisha. Mvua ikanyesha kidogo, wakaikinga kwa sufuria; ikawa na ladha ya vitunguu, wakainywa kwa zamu bila kulalamika. Kisha jua likawakausha midomo hata utani ukawa unauma.

Asubuhi moja nyangumi wakarudi. Mama Sufuria, amelala kifudifudi ukingoni, akamwona mama mtu akikisukuma kitoto juu kwa pua kivute pumzi, kikizama anakisukuma tena. Naye alilea watano. "Pole, mwenzangu," akanong'ona. "Na wewe hujalala."

Ndipo boti ya waokoaji, waliokuwa wakiwasaka tangu wasirudi gatini, ikatokea, inanguruma, povu nyuma, moja kwa moja katikati ya ukoo ule. Nyangumi wakatawanyika. Kitoto kikabaki peke yake, kikizunguka hovyo.

Mama Sufuria akainyanyua sufuria aipige kwa mwiko, akakumbuka masikio ya nyangumi, akaiweka chini taratibu. Akasimama juu ya benchi, akapunga aproni iliyobaki.

"Zimeni mashine!"

"Mama, tumekuja kuwaokoa!"

"Okoeni polepole!"

Nahodha akamshika pindo la gauni. "Shemeji, utatuua! Na yao isipowaka?"

"Tutakufa wengi. Kaa chini."

Waokoaji wakazima. Bahari ikatulia. Maji ya kunywa yalionekana kabisa, madumu mazima kwenye boti ya waokoaji, na hakuna aliyesogea. Mama mtu akaibuka, akakiegemeza kitoto ubavuni, wakaondoka na wenzao bila haraka, kama wenye bahari yao.

Sasa nahodha akafumba macho. Mwokoaji akavuta kamba.

Ikawaka mara moja.

Boti ilipowafikia, Mama Sufuria akawa wa kwanza kulikumbatia dumu. Akanywa, akajifuta kidevu, akamgeukia shemeji yake. "Umesikia? Hivyo ndivyo mashine inavyoitika ikiitwa."