Mume Wangu Alikojolea Pikipiki ya Marehemu Baba

Nilisukuma mlango wa stoo ya mama nikamkuta mume wangu kasimama, zipu wazi... anakojolea pikipiki ya marehemu baba yangu!

Rudia kusoma kama hujaelewa.

Anaikojolea. Tena kwa kulenga, taratibu, kama mtu anayemwagilia maua.

"Spana!!" Nilipiga kelele.

Alishtuka akajimwagia viatuni. Alistahili.

"Mbona unaingia bila hodi?"

"Hodi? Kwenye stoo ya mama yangu nipige hodi, ili umalize haja yako?"

"Tulia, mke wangu. Mafundi wa zamani wanasema mkojo unakaza chuma."

Jamani. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi magari. Nimeshika mabati mengi maishani, sijawahi kusikia chuma kinachonyweshwa mkojo kikakaza!

Ile harufu ikanipanda puani na hapo ndipo nikakumbuka kitu. Wiki nzima mama alikuwa analalamika stoo inanuka. Tukamsingizia paka wa jirani. Mama alimkimbiza yule paka kwa fagio, akammwagia maji, akamtukana mpaka ukoo wake. Kumbe paka wa watu hana hili wala lile. Paka nilikuwa nalala naye kitanda kimoja!

Nikageuka nikatapika mlangoni.

Sasa ngoja niwaeleze hiyo pikipiki ni ya nini, maana bila hivyo hamtanielewa hasira zangu.

Baba ujana wake alikuwa anashindana motokrosi, zile mbio za matope na matuta. Alikuwa anasema aliendesha pikipiki ya kiwanda. Sio iliyonunuliwa dukani, hapana. Kiwanda chenyewe kinatengeneza chache tu kwa mikono, kinawapa waendeshaji wake, na msimu ukiisha nyingi zinakatwakatwa ili siri zisitoke. Ya baba haikukatwa. Aliumia mguu, hakuweza tena kushindana, wakamwachia kama pole.

Wenzake hawakuamini hata siku moja.

Wakampa jina. Bwana Kiwanda. Akiingia mahali: "Bwana Kiwanda huyo, leo kiwanda kimekupa ruhusa?" Watu wanavunjika mbavu. Baba anatabasamu, akirudi nyumbani hali chakula. Hata msibani kuna mzee mmoja alinong'ona jina hilo akacheka. Mama alisikia.

Na siku hiyo ya mkojo ndiyo siku mkaguzi alikuwa anakuja. Kuna ukumbi unafunguliwa wa pikipiki za zamani, na ukutani yanaandikwa majina ya waliowahi kuendeshea viwanda. Mama aliwaomba waje waione ya mumewe. Hakutaka kingine. Alitaka jina la mume wake likae ukutani ili midomo ya watu ifungwe.

Kwa hiyo mkaguzi akisema ni ya kweli, baba anapumzika. Akisema ni feki, baba amezikwa muongo.

Nikafuta mdomo, nikainama kuitazama ile pikipiki vizuri.

Bolti zilizoshika injini zilikuwa nyekundu kwa kutu.

Haiwezekani!

Maana nikiwa mdogo baba aliwahi kunipa bolti moja ya hapo niishike. Nyepesi, ya kijivu. Akaniambia, "Hii ni titani, binti yangu. Haipati kutu, na sumaku haiitaki."

Nikatoka mbio mpaka kwenye cherehani ya mama. Kuna kisumaku anachokusanyia pini. Nikarudi nacho nikakigusisha kwenye bolti.

Tap! Kikanasa.

Nikajaribu nyingine. Kikanasa tena. Nikaangalia injini yenyewe, haikuwa ile. Ilikuwa injini ya kawaida kabisa, imepakwa vumbi na oili chafu ionekane kongwe.

"Spana... injini ya baba iko wapi?"

Akageukia ukuta.

"Nakuuliza! Umeuza?"

"Bado haijauzwa," akasema huku anapandisha zipu. "Na sauti yako ipunguze."

Nyie! Hakukana hata kwa heshima!

Huyu mtu baba ndiye aliyemfundisha kazi ya ufundi. Alikuja hajui hata kukaza nati, baba akamshikisha spana ya kwanza, jina likamkaa. Halafu akanioa mimi. Marehemu hana hata mwaka kaburini, huyu anamfungulia pikipiki kama mzoga!

"Namwambia mama sasa hivi."

"Mwambie." Akatabasamu. "Mwambie, na mkaguzi mwambie. Utasema injini ya kweli imeibiwa. Watakuuliza nani aliwahi kuiona? Watasema familia ya Bwana Kiwanda imekuja na uongo mpya. Ukinyamaza, pengine atapitisha. Kutu hiyo nimeifanyia kazi, hakuna atakayeigundua."

Mjinga huyu alikuwa na hoja.

Kabla sijajibu, honi ikalia getini.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, ovaroli safi, miwani imening'inia shingoni. Nikampokea mimi, Spana alikuwa ameenda kunawa.

"Mimi ni binti wa marehemu, karibu sana."

Akasimama. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye binti?"

"Ndiyo."

"Una dada wengine?"

"Hapana, niko peke yangu."

"Mmh," akasema. Basi. Sikujali, nilikuwa na yangu kichwani.

Tukaingia stoo. Mama amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka mafuta, anang'aa. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Mama Mkaguzi akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"Hapa pamepita nini?"

"Ni paka," mama akajibu kwa aibu. "Tusamehe. Paka wa jirani hana adabu."

"Paka kweli anasumbua," Spana akadakia, uso mkavu!

Yule mama akavaa glovu. Akagonga tangi kwa kucha. Akapitisha kidole kwenye fremu, kila alama ya kuchomelewa. Akachutama akasoma namba kwa tochi, akaitazama muda mrefu.

"Tangi ni aluminiamu, limefinyangwa kwa nyundo," alisema. "Fremu imechomelewa kwa mkono. Na rangi msiiguse hata kidogo, mikwaruzo hii ya magoti ndiyo thamani yenyewe."

Mama akanibana mkono kwa furaha.

Halafu akafika kwenye bolti.

Hakutoa hata sumaku. Alitazama tu, akavua miwani.

"Bolti hizi zina kutu."

"Za zamani hizo, mama," Spana akasema kwa unyenyekevu wa kinafiki. "Umri."

"Umri?" Akamgeukia. "Kijana, bolti za pikipiki hii ungezizika ardhini ukazifukua uzeeni kwako, zingetoka vilevile. Kutu ndiyo inayoniambia si zake. Na injini hii si yake."

Wiki nzima ya kukojoa... imemuumbua mwenyewe! Mzee wa mbinu alidhani kila cha zamani lazima kioze.

Lakini sikupata hata nafasi ya kufurahi, maana mama alikaa chini. Palepale sakafuni, na gauni lake.

"Una maana gani, dada? Mume wangu... alinidanganya?"

Na hapo, wadau, Spana akafanya kitu ambacho mpaka leo nakiona kinanuka kuliko mkojo wake.

Alipiga magoti mbele ya mama. Akamshika mikono. Kwa mikono ileile!

"Mama, sikutaka kusema. Mimi ni fundi, nilijua muda mrefu. Marehemu alitudanganya sote. Tumsamehe tu, alikuwa anatafuta heshima."

"MUONGO!" Nikalipuka. "Mama, injini ameiiba yeye! Nimemkuta sasa hivi anakojolea bolti ziote kutu! Hakuna cha paka!"

"Uchungu huo," Spana akatikisa kichwa kwa huruma. "Anampenda sana baba yake, anaongea asichokijua."

Mama akanitazama, akamtazama yeye. Machozi yanamtoka, hajui amwamini nani.

Mama Mkaguzi alikuwa amekunja mikono anasikiliza.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia besti yangu na sinia la chai. Alikuja asubuhi kutusaidia jikoni. Huyu ndiye alisimama nami siku ya harusi. Huyu ndiye nililia begani kwake siku ya msiba.

"Jamani, chai tayari, mgeni ana..."

Akamwona mgeni. Vikombe vikaanza kugongana.

"Aaah!" Mama Mkaguzi akakunjua mikono. "Huyu hapa sasa! Binti wa marehemu!"

"Binti... wa nani?" mama akauliza.

"Wa mumeo. Alikuja karakana kwangu na injini, anataka niithibitishe apate kuiuza. Injini ya namna ile bila historia yake hainunuliki, nikamwambia anisimulie ya nani. Akanieleza yote. Baba yake alivyoendeshea kiwanda, alivyoumia mguu, alivyoachiwa kama pole. Alilia kabisa. Nikamuuliza mwili wa pikipiki uko wapi, akasema uliungua moto."

Sinia likaanguka.

"Nilipoitwa kuja kuona pikipiki ya marehemu huyohuyo, nikasema ngoja niende nikaone moto gani huo uliobakiza pikipiki."

Besti akamgeukia Spana. "Si uliniambia anayekuja leo ni mkaguzi mwingine! Uliniambia ukiuza tunaondoka wote!"

TUNAONDOKA WOTE.

Naomba mnipe nafasi nipumue hapo.

Bega nililolilia. Simulizi za baba yangu nilizomhadithia yeye kwa machozi, ndizo alizoenda kuzilia mbele ya watu kama zake! Nilitaka kumrukia, ila nikajikuta sitaki hata ngozi yangu iguse yake. Kinyaa kilinizidi hasira.

Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Hakumtazama Spana. Alimuuliza mkaguzi jambo moja tu.

"Hiyo injini... ni ya kweli?"

"Kweli tupu. Namba walizipiga kwa mkono, saba imelala kidogo. Hapa kwenye fremu saba imelala vilevile, mkono mmoja, nyundo moja. Mumeo hakudanganya mtu. Injini iko kwangu, sikumrudishia huyu dada hata bolti."

Mama akajifunika uso kwa khanga akalia kwa sauti. Nami nikalia naye. Ila ilikuwa mara ya kwanza kulia vizuri tangu tumzike baba.

Polisi walikuja, mengine yako huko kwa sheria. Ndoa yangu imekufa na sijaivalia nyeusi.

Siku ukumbi unafunguliwa, jina la baba lilikuwa ukutani, herufi kubwa. Yule mzee aliyecheka msibani alikuja, akasoma, akavua kofia. Mama akamwambia, "Karibu nyumbani kwa Bwana Kiwanda." Mzee hakupata pa kuuweka uso.

Na paka wa jirani sasa anapewa maziwa kila asubuhi. Mama alimwomba radhi, namaanisha kwa maneno kabisa.

Spana alipopata dhamana alikuja getini kudai nguo zake. Mama akamtolea begi, zito ajabu. Akalifungua palepale. Juu nguo, chini ile injini feki na bolti zake zote za kutu.

"Mama, hivi navipeleka wapi?"

"Sijui, mwanangu. Lakini ni vyako," mama akasema anafunga geti. "Vina harufu yako."

Wadau, somo ni hili. Kitu cha kweli hakihitaji mtu akichafue ndipo kiaminike. Ukiona mtu anahangaika kukipaka uzee, kutu au machozi... mgusishe sumaku kwanza.