Bodza Hana Mikono

"Nani kalihamisha hili zulia?"

Mama Margit hata supu hajaionja. Kasimama katikati ya sebule ya mwanawe, mkono kiunoni, ndara za wageni miguuni.

"Kaa kwanza tule, mama," Barnabás akadakia. "Supu inapoa."

"Supu inapashwa moto. Nimeuliza zulia."

Akainama, akalifunua.

Yalaa! Sakafu ya mwaloni, vibao alivyopanga marehemu mumewe kimoja kimoja mwaka waliooana, ilikuwa na doa jeusi, kubwa kama sinia.

"Barnabás! Nini hiki?"

Barnabás akamtazama mama yake. Akamtazama Emőke, mchumba wake. Mwisho akamtazama Bodza, mbwa mchanga wa Emőke, aliyekuwa anatafuna kamba ya kiatu bila habari na mtu.

"Mbwa, mama. Kakojoa."

Aibu ikampanda Emőke mpaka masikioni. Tangu amlete Bodza humu hajalala usingizi wa maana. Magazeti kila kona, plastiki chini ya kitanda chake, na mbwa akimaliza kula tu anabebwa mbio mpaka uani. Yote hayo, na bado!

"Nisamehe, mama," akasema, na magoti yakagusa sakafu. "Sikuliona, haki ya Mungu."

"Mume wangu hakuniachia shamba wala gari." Sauti ya Mama Margit ilitetemeka. "Kaniachia sakafu hii, nami nikawapa nyinyi. Leo hii mbwa huyo atoke. Kama huwezi kuachana naye, binti, toka naye."

"Barnabás, sema basi kitu."

"Mama kasema kweli, mpenzi. Mbwa ni mbwa."

Emőke akachukua kitambaa asugue, ingawa hapakuwa na cha kusugua. Kitu kikamchoma kidole. Akakivuta: uzi wa stilwaya, ile ya kusugulia sufuria, umenasa katikati ya vibao. Akanusa. Siki!

Yeye hajawahi kugusa mbao kwa stilwaya. Na zulia alilikuta limehamishwa Alhamisi, aliporudi kutoka kazini; siku hiyo aliyebaki na mbwa ni Barnabás.

Akainua macho. Barnabás akainamia sahani upesi, shingo nyekundu.

Angeweza kusema palepale. Lakini alimwona yule mama akijifuta machozi kwa leso, akamwonea aibu mwanaume aliyetaka kumwoa. Akambeba Bodza, akavaa viatu, akashuka.

Kufika uani akaandika ujumbe:

"Bodza hana mikono. Hawezi kushika stilwaya."

Simu ikaita hapohapo.

"Emőke, niliogopa! Alikojoa kidogo tu, mimi naangalia mpira. Nikamwaga siki, nikasugua na stilwaya, nikaacha pakauke. Kurudi, peusi! Kumbe siki na chuma kwenye mwaloni ni wino! Kila nikisugua, doa linazidi!"

"Na mimi ukaniacha nipige magoti."



"Ningekuambia."

"Lini? Bodza akishatupwa?"

"Rudi tuongee, mpenzi."

"Kaongee na mama yako. Nakusubiri mpaka Bodza akojoe. Akimaliza, naondoka."

Sasa, hizi nyumba za Budapest zenye veranda kuzunguka ua mmoja, kijiko kikianguka ghorofa ya tatu, wote wanajua. Barnabás akatokeza verandani, simu bado sikioni, akinong'ona:

"Emőke, tafadhali, majirani..."

"Anazunguka," Emőke akamjibu. "Anatafuta pa kuchuchumaa."

"Subiri!"

"Anachuchumaa!"

"Mama!" Barnabás akapiga kelele, sauti ikamkatika. "Sio mbwa! Doa nimelifanya mimi! Nimemsingizia mbwa, nikamwacha Emőke aaibike!"

Madirisha yakafunguka. Bi Terka wa ghorofa ya pili akatoa kichwa, mwiko mkononi.

"Hee! Makubwa! Mwanaume mzima unamsingizia mbwa?"

Barnabás alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama yake alikuwa tayari nyuma yake. Hakumpiga wala hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akaegemea reli.

"Emőke, mwanangu, panda. Wa kupiga magoti sio wewe."

Emőke akapanda. Alimkuta Mama Margit anatandaza gazeti la Bodza juu ya lile doa, na sahani ya supu juu yake.

"Wewe utakula hapa," akamwambia mwanawe.

Barnabás akakaa chini, hawezi kumtazama mtu usoni. Bodza akamsogelea, akamlazia kidevu gotini, kama vile hajawahi kushtakiwa kwa lolote. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Emőke," akasema akiwa bado kainama, "harusi bado ipo?"

Emőke akamkatia mkate, akamwekea pembeni ya sahani.

"Kula. Ukimaliza, mpeleke Bodza uani. Na utembee polepole, majirani wakuone. Ukirudi, niulize tena."