Nyumba ya Ukingoni Tintagel

Ilikuwa Agosti, saa sita mchana, na foleni ya pai ilikuwa imefika barabarani. Wageni walishuka kutoka kwenye magofu ya ngome ya Tintagel juu ya bahari, nyuso zimewaiva kwa jua, magoti yakiwatetemeka kwa ngazi. Loveday Trewin, aproni imejaa unga na nywele kazifunga kitambaa cha buluu, alihudumia bila kuinua macho.

"Na wewe, mpenzi wangu?"

Akatazama. Kijana mrefu mwenye buti za matope alikuwa amemkodolea macho.

"Kumbe tumeshafika huko?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Huku kila mtu ni mpenzi wangu," alijibu Loveday, masikio yakimwaka moto. "Hata mbwa wa posta. Pai ya nyama au ya jibini?"

"Ya nyama. Na kesho nyingine. Naitwa Bram, natoka Leeds. Nimeletwa kupima miamba."

Loveday alidhani ni miamba ya ngome. Kila mtu huijali ngome; wanasema mfalme alizaliwa mle.

Bram alirudi kesho yake, na keshokutwa. Jioni akawa anapiga simu. Jumapili moja Loveday alimpeleka kwao, nyumba ya mwisho kabla ya bahari, na mama yake, Bi Morwenna, akamlisha skonzi hadi akashika tumbo.

Wiki ya nne, karatasi nyekundu ilibandikwa mlangoni kwao. Mwamba unamomonyoka, wahame ndani ya siku kumi. Chini palikuwa na sahihi ya Bram.

Loveday alimpigia simu.

"Ulikula skonzi za mama yangu huku unajua?"

"Siku ile sikujua. Nilijua wiki iliyofuata. Kila nikipiga simu nikuambie, unacheka, nashindwa."

"Mwoga wewe! Usinipigie tena."

Alizunguka ofisi tatu akiomba nyumba iokolewe. Wote walikuwa wapole, wote wakatikisa kichwa. Fedha za kufunga miamba kwa chuma zilikuwa za ngome tu.

Siku ya saba mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne, nusu ya bustani iliporomoka, na kamba ya nguo ikaenda na mashuka yake. Bi Morwenna alisimama dirishani akitazama. Loveday akashika simu.

Bram alifika mbio, amelowa chapachapa.

"Siwezi kuizuia, Loveday."

"Najua. Shika kitanda upande huo."

Walibeba vyombo hadi kwenye gari la Bram mpaka wakaishiwa nguvu. Kwenye ukumbi mtupu Bram akamshika mkono.

"Ijumaa nahamishwa Norfolk, kupima nyumba za watu wengine. Nimeomba nibaki, wamekataa. Tuoane, mpenzi. Tumchukue mama."

"Mama kapewa chumba Bodmin, mji wa jirani. Hakubali kwenda mbali zaidi."

"Basi nitakuja kila Jumamosi. Unanikubali?"

"Ndiyo," alisema Loveday, akalia, asijue analilia lipi.

Nje, Bi Morwenna alimgeukia Bram.

"Niambie kweli, mwanangu. Nyumba itafika Krismasi?"

"Haitafika, Bi Trewin."

"Ahsante."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akajaribu kitasa mara mbili, kisha akauliza aketi wapi kwenye gari.