Chapa ya Tisa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha nyuma.

Ya pili ilipita juu ya paa la Probox ikaenda zake porini. Filsan Muse hakugeuka. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa usukani, akakanyaga mafuta, na vumbi la barabara ya Kotile likaingia ndani ya gari bila kubisha hodi.

Nyuma yake, Land Cruiser nyeupe isiyo na nambari. Watu watatu. AK-47 mbili.

Redio ya Motorola ikakoroma chini ya kiti.

"Kisima, Kisima, hapa Ndoo. Uko wapi?"

"Natoka Kotile. Mzigo ninao. Na wageni ninao."

"Wangapi?"

"Watatu. Hawana adabu."

"Bunge linakaa saa nane na nusu. Sasa ni saa nne na dakika kumi."

"Najua kusoma saa, Ndoo."

Ndoo alikuwa Abdijabar, mkuu wake katika Idara, ofisi ambayo haijawahi kuwa na kibao mlangoni. Kisima alikuwa Filsan mwenyewe: miaka thelathini na minne, binti wa wafugaji, Glock 19 chini ya jilbabu, na miaka minane ya kazi ambayo mama yake aliijua tu kama "mambo ya serikali". Mzigo nao ulikuwa picha tisa ndani ya simu.

Picha za ngamia. Ucheke ukitaka, lakini watu walikuwa tayari kuua kwa ajili ya picha hizo.

Kampuni ya ng'ambo iitwayo Orvana ilitaka malisho ya kaunti ya Harweyne, mwendo wa saa moja kaskazini mwa mji wa Garissa, ipate mahali pa kuzika taka za sumu za viwanda vyake. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: Mswada wa Uwazi. Mswada huo ulisema kwamba yeyote anayemwendea mwakilishi wadi kwa niaba ya kampuni aandike jina lake katika kitabu ambacho kila mwananchi anaweza kukifungua, na kila zawadi ya kampeni ibandikwe ukutani kabla ya siku ya kupiga kura. Watu wa gizani hawapendi kuta za namna hiyo.

Basi Orvana ikamtuma Salah Dheere, mtoto wa Eastleigh, mrefu, viatu vinang'aa, ulimi wa asali. Salah hakutoa pesa. Alitoa ngamia. Ngamia hapiti benki, na mheshimiwa akionekana na ngamia wengi zaidi, watu husema tu mashallah.

Ila palikuwa na makosa mawili. Wakubwa wa Orvana hawakumwamini hata Salah, wakaamuru kila ngamia amezeshwe kidonge cha kauri chenye chipu, wahakikishe mali yao imefika. Waheshimiwa nao hawakuweza kulala na ngamia asiye na alama. Kila mmoja aliwasha moto, akapasha chuma, akapiga shavuni chapa ya nyumba yake. Ndipo wakawaficha wote Kotile, mbali na macho ya wapiga kura. Kwa hiyo tumbo la ngamia lilitaja aliyetoa na shavu lake likamtaja aliyepokea. Asubuhi ile Filsan alipita kati ya mifugo na kifaa cha kusomea chipu, akisoma tumbo na kupiga picha ya shavu.

Chapa nane zilikuwa za wajumbe wanane. Bunge la Harweyne lina wajumbe kumi na watano. Wanane ndio wengi.

Ya tisa ilikuwa ya jike mmoja aliyesimama peke yake na ndama wake. Mistari miwili na nukta chini. Mistari miwili ni ya ukoo mzima, lakini nukta ni ya nyumba moja tu duniani.

Nyumba ya kina Filsan.

Aliisoma tena chipu ya yule jike, akitumaini kifaa kimekosea. Hakikukosea. Hapo ndipo mlinzi alipomwona.

Risasi ya tatu iling'oa kioo cha pembeni. Filsan akatazama mbele, akaona alichokuwa anakitafuta: wingu la vumbi penye mabirika ya maji. Leo ilikuwa siku ya ngamia kunywa. Akapunguza mwendo, taa zikawaka na kuzima, mkono nje ya dirisha kuwasalimu wachungaji. Kundi likafunguka kidogo. Probox ikapita taratibu katikati ya miguu mirefu, kisha kundi likafunga tena.

Land Cruiser haikupunguza mwendo.

Alisikia kishindo, kisha sauti ya mnyama ambayo hakupenda kuisikia. Kwenye kioo cha ndani aliwaona wachungaji wakilizunguka gari, bunduki zao za zamani zikishuka mabegani bila haraka. Kwa watu wa huku gari likigonga ngamia haliondoki. Wazee huitwa, chai huchemshwa, na maneno husemwa mpaka yaishe.

"Zima gari, walaal, ndugu yangu," alimsikia mmoja akisema. "Shuka bole bole. Bunduki iko na wewe, hata sisi iko na sisi."

Filsan alimwonea huruma ngamia. Wale watatu hakuwaonea.

Aliingia Garissa saa sita na nusu, akasimama pembeni kuweka mafuta. Thuraya, simu yake ya setilaiti, ikalia.

"Picha zimefika," alisema Abdijabar. "Ya tisa nimeiona. Ni ya Hamze Kulow."

"Ni yake."

"Ami yako. Mwenye mswada."

"Najua ni nani, Ndoo."

"Basi sikiliza. Ametoa taarifa kwa spika. Leo anauondoa mswada mwenyewe. Salah yuko naye tangu asubuhi."

Filsan alifumba macho. Alielewa mara moja. Wale wanane wangeweza kuuangusha mswada kwa kura, lakini Harweyne kura hupigwa kwa kuinua mkono mbele ya wananchi. Mwenyewe akiuondoa, hakuna mkono unaoinuka. Ungezikwa kimya mpaka baada ya uchaguzi, na sumu ingefuata.

"Ile ya tisa sijaitia saini kwamba nimeipokea," Abdijabar aliendelea polepole. "Picha nane zinatosha. Moja ikipotea njiani, nani atauliza?"

Mwenye mafuta akagonga dirisha apewe pesa zake. Filsan akampa.

Baba yake alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa. Ukoo mzima ulisema msichana atatosha kuchunga mbuzi. Hamze peke yake ndiye aliyesema hapana, akampeleka shule ya bweni kwa mkono wake, na kila kufunga shule alikuwa amesimama langoni kabla ya wazazi wengine wote. Huyo ndiye mtu wa picha ya tisa.

"Ikipotea kwetu," akasema hatimaye, "bado iko kwa Salah. Hiyo ndiyo kamba aliyomfunga nayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haipotei."

Alikata simu, akaendesha.

Saa nane kasoro dakika tano aliingia kwenye uwanja wa bunge la Harweyne. Wananchi walikuwa wamejaa chini ya vivuli, akina mama wauza maziwa, wazee na fimbo zao, vijana na simu zao. Alizunguka nyuma, penye matangi ya maji.

Salah Dheere alikuwa anamngoja.

"Sista, relax," alisema, mikono wazi. "Tuongee kama watu wa nyumbani. Hizo picha utapeleka wapi? Mzee wako akianguka, na wewe unaanguka. Sisi tulileta tu shukrani. Mkono mtupu haulambwi, na si mimi nimetunga."

"Toa mkono kiunoni, Salah."

"Mkono gani?"

Mkono ule ule. Beretta ilifika nusu ya njia. Filsan alimshika kifundo, akakizungusha upande ambao Mungu hakukiumbia, goti likamkuta tumboni, na viatu vinavyong'aa vikapiga magoti kwenye tope la bomba. Sekunde nne. Pingu zikalia mara mbili, upande mmoja mkono wa Salah, upande wa pili nguzo ya tangi.

"Utajuta," Salah alisema akihema.

"Huenda," Filsan akajibu, na hakuwa anatania.

Hamze Kulow alikuwa peke yake ofisini, kofia kichwani, ndevu zenye hina, karatasi moja mbele yake. Alipomwona Filsan akasimama kwa furaha, kisha akaona uso wake, akakaa.

"Adeer," Filsan alisema.

"Adeer," akajibu, maana kwa Wasomali ami na mtoto wa ndugu huitana kwa neno hilo hilo.

Filsan akaweka mezani picha tisa alizochapisha Garissa. Ya juu ilikuwa ya jike na ndama. Mzee aliivuta karibu.

"Ngamia mmoja tu," alisema. "Alimleta siku ya arusi ya Warsame. Mbele ya wageni wote. Mtu akikuletea ngamia arusini kwa mwanao, unamfukuza?"

"Ulimpiga chapa."

"Ngamia asiye na chapa ni wa fisi."

"Kisha ukamwachia Salah amchunge."

"Alisema malisho ya Kotile ni mazuri."

"Alikuwa anakuchunga wewe, adeer."

Hamze akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Asubuhi alikuja na picha yake mwenyewe. Akasema, ondoa mswada, au jioni iko kwenye simu ya kila mtu Harweyne. Mimi niliyesimama misikitini na sokoni nikisema zawadi zibandikwe ukutani. Nimechonga mkuki kwa nguruwe, kumbe ubavu ni wangu."

"Soma picha zote. Wewe mwenyewe. Ukisema kwa mdomo wako, Salah atabaki na nini?"

"Nitasoma nane. Naapa nitasoma nane. Hii moja iache."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Saa nane na dakika ishirini nakala zote tisa zitakuwa kwa karani. Ukinyamaza, atasoma yeye."

Mzee akainua macho. Hapakuwa na hasira ndani yake, na Filsan angeona afadhali ingekuwa hasira.

"Unanitisha, Filsan? Mimi?"

"Nakuomba," alisema. Alitaka kulia kama mtoto na alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata kimoja. Aligeuka, akaenda kwa karani.

Kengele ililia saa nane na nusu.

Filsan alisimama nyuma kabisa, jukwaa la wananchi, mgongo ukutani. Spika akamwita mheshimiwa Hamze Kulow, mwenye taarifa ya kuondoa mswada. Wajumbe wanane wakajinyoosha vitini, wametulia kama watu waliokwisha kula.

Hamze alisimama. Ile karatasi moja aliikunja, akaitia mfukoni.

"Bwana Spika, siondoi kitu," alisema. "Nina picha hapa za ngamia waliotolewa na kampuni ya Orvana. Ya kwanza ni ya kwangu."

Akaiinua picha juu ili jukwaa zima liione.

"Mistari miwili na nukta. Mnaijua. Nilimpokea, sikumwambia mtu."

Kisha akasoma nane zilizobaki, chapa baada ya chapa, na hakuhitaji kutaja majina. Wazee jukwaani walikuwa wanayataja kabla hajafungua ukurasa. Huku mtu anaweza kusahau sura ya jirani yake, chapa yake haisahau.

Kanuni za bunge lile ni fupi: mwenye maslahi hapigi kura na hakai ukumbini. Wanane walitoka wakitazama sakafu. Wa tisa akatoka nyuma yao. Hata mswada alioutunga mwenyewe hakuruhusiwa kuuinulia mkono.

Filsan alimkuta barazani, kando ya dirisha lililo wazi. Walisimama hatua tatu mbali, wakasikiliza. Waliobaki walikuwa sita.

"Wanaokubali?" Spika aliuliza huko ndani.

Akahesabu mmoja mmoja.

"Mikono sita. Mswada umepita."

Kelele za wananchi zilitikisa mabati. Nyuma ya matangi polisi walikuwa wanamfungua Salah kutoka kwenye nguzo ili wamfunge vizuri zaidi. Hamze hakutazama huko.

"Umepita," alisema.

"Umepita, adeer."

"Kiti changu kimekwisha. Hilo si neno. Warsame atasikia leo kwamba arusi yake ilikuwa biashara. Hilo ni neno." Alivaa kofia yake. "Ulifanya kazi yako. Mimi ndiye niliyekusomesha uifanye."

Filsan akasogea hatua moja.

"Usije nyumbani," mzee alisema. "Si sasa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niweze kula na wewe sinia moja. Sijui ni lini."

Motorola ikakoroma chini ya jilbabu. "Kisima, hapa Ndoo. Kazi safi. Wakubwa wamefurahi. Uko sawa?"

"Niko sawa," Filsan alisema, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo.

Akazima redio. Akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi, akapita katikati ya umati uliokuwa unaimba jina la mswada. Alijua ami yake angali barazani, huenda anamtazama, huenda la. Hakugeuka kuona. Alitembea polepole, kichwa juu, mgongo umenyooka, kama Hamze alivyomfundisha kutembea mbele za watu.