Programu ya Odeta

Mwaka 1998, katika duka la vifaa vya ofisi Nyamagana, watu wakisukumana kaunta, mikono miwili ilishika boksi moja la disketi, nalo lilikuwa la mwisho.

"Dada, niachie. Ulivyopendeza hivyo, kwingine hawatakunyima," alisema kijana mwenye jinzi iliyopauka magotini.

"Kwingine wapi, kaka? Mji wenyewe ndio huu," alijibu Odeta, binti wa Bukoba, gauni lake la kitenge limenyooshwa kwa pasi hata inzi angeteleza.

Wakagawana. Kijana aliitwa Mihayo, fundi wa kompyuta, akamwachia namba yake ya simu. Odeta alikuwa akichapa kamusi ya Kisukuma katika ofisi ya mradi mmoja, kazi ya kuchosha kwelikweli: kila neno na kila maana lazima ubane kati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga. Ukisahau moja, ukurasa mzima unagoma.

Ukigoma, Odeta anapiga simu.

"Fundi, imegoma tena."

"Mstari wa ngapi, mrembo?"

"Ningejua ningekupigia?"

Mihayo alikuja, akaitafuta alama, akanywa chai, akachelewa kuondoka kwa makusudi. Odeta hakuwa na ndugu wala shoga mjini. Chumba chake cha Pasiansi kilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, na siku za Mihayo ndizo alizoziishi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini hawa wawili, wajinga, walijikaza wasikohoe.

Mihayo alimwonea huruma, tena alikuwa na lake moyoni. Kwa miezi miwili akaunda programu: Odeta anachagua tu "neno" au "maana", alama zinajiweka na kujifunga zenyewe, wala hazionekani.

"Hutasumbuka tena," alimwambia kwa fahari.

"Asante," alisema Odeta, moyo ukamshuka. Kachoka na simu zangu, aliwaza.

Programu haikugoma hata siku moja, na simu ya Mihayo haikulia. Kumbe alinitaka kwa ajili ya mashine tu, aliwaza naye. Akaomba kazi Dar, akapata.

Wiki ya saba Odeta alishindwa kuvumilia, akapiga.

"Imegoma?"

"Nzima. Mimi ndiye nisiye mzima. Ulinitengenezea kile kitu ili nisikuite?"

"Nilitaka siku ukiniita, nijue unaniita mimi."

"Basi nakuita, mpenzi. Nina upweke, Mihayo. Jioni nzima sina wa kumwambia hata pole."

"Odeta, nimepata kazi Dar, tiketi nimeshakata. Treni ya Jumapili."

"Leo Alhamisi. Njoo."

Alikuja. Siku tatu walitembea ufukweni wakisema yote waliyokuwa wameyameza. Stesheni, Mihayo alimshika mkono mbele za watu.

"Desemba natuma mshenga kwa mzee wako. Atamkubali Msukuma?"

"Atanuna kwanza. Mimi nimeshakubali."

Treni ikaondoka. Odeta akarudi Pasiansi, akafunga mlango, akalia hadi mto ukalowa. Ila siku hiyo alikuwa na mtu wa kumlilia.