Jaketi la Tluway

Maziwa ndiyo yaliyoanza. Asubuhi moja ya mwaka 1980, Leonida alikamua ng'ombe wake pale kijijini Ganako, povu likanuka mafuta ya ndege. Harufu ile aliijua. Mumewe Tluway, mdondosha mabomu wa ndege za jeshi, alikuwa akija nayo likizo kwenye jaketi lake zito. Likizo ya mwisho alilisahau nyumbani. Ndege yake ilikwenda vita vya Uganda na haikurudi, wala mwili haukupatikana.

Wazee waliamua kuzika gogo la mgomba lililovishwa jaketi lile, ili roho yake itambue mahali pa kulala. Aliyelivisha gogo na kupigilia sanduku misumari ni Sylvesta, mdogo wa marehemu. Leonida alimwamini. Nani asiyemwamini shemeji yake siku ya msiba?

Mchana ule ukasikika mngurumo juu ya bati, na mbingu haina hata wingu. Kuku wakajificha. Marsela, binti yake mdogo, akaanza kutetemeka.

"Mama, baba anasikia baridi," akanong'ona.

"Baba yupi?"

"Huyu hapa, amelala na mimi."

Leonida akamkumbatia, akamsogeza karibu na moto wa jikoni mpaka nywele zikakaribia kuungua, lakini mwili wa mtoto ulizidi kuwa baridi, midomo ikageuka rangi ya majivu, na mngurumo ukashuka, ukaingia ukutani, ukaingia kwenye sufuria, mpaka mama akawa anausikia ndani ya meno yake mwenyewe.

Akaitwa Qamara, mganga wa kijiji cha Daa. Alimgusa mtoto, akaenda kuinama kaburini.

"Huyu mmemzika uchi," alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto atamfuata kabla hakujapambazuka. Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Kaburi likafukuliwa jioni ile ile. Gogo lilikuwa tupu, bila jaketi. Wote wakamgeukia Sylvesta, ambaye tangu msibani hakuonekana bila blanketi lake mabegani, hata juani. Leonida akalivuta. Chini yake lilikuwepo jaketi.

"Ulinishika mkono ukalia nami, Sylvesta! Kumbe ulikuwa umelivaa?"

"Baridi ya huku unaijua, shemeji. Nilisema mgomba hausikii baridi."

"Livue. Mwanangu anakufa."

Sylvesta akaanza kulia. "Nimejaribu tangu asubuhi. Halivuliki."

Wanaume wakavuta, likavutika pamoja na ngozi. Qamara akawazuia, akawaambia wote warudi nyumbani, waliache kaburi wazi.

Alfajiri mngurumo ulikuwa umekoma. Marsela aliamka na joto lake, akadai uji. Kitanda cha Sylvesta kilikuwa kitupu. Leonida akatoka na ndoo, akakuta kaburi limefukiwa vizuri, udongo umesawazishwa, na hakuna jembe wala nyayo.

Chini kabisa mtu akakohoa. Kisha ikaja sauti, hafifu: "Shemeji."

Leonida alisimama kidogo. Kisha akaenda kukamua. Maziwa hayakunuka kitu.